Moshi wa Nyuki Ndani ya Injini ya Turbo

Mwezi uliopita nilikabidhi kabati langu la spana pale gereji, mtaa wa Unga Limited, Arusha, na hadi leo kucha zangu bado ni nyeusi. Mume wangu anasema zitatakata baada ya mwaka. Mimi nadhani nitazikwa nazo hivyo hivyo.

Ninyi mafundi mnaobaki mliniomba niandike machache kuhusu kazi. Vyeo na mishahara nitavipita. Havikuwahi kunifundisha kitu chochote kuhusu injini. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha, na gari moja la turbo ambalo nililirudisha kwa mwenyewe nikiwa na uhakika limepona, kumbe nilikuwa nimemrudishia hatari.

Nilifika gereji nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi ndani ya bahasha na ovaroli iliyonizidi ukubwa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Loserian, mwenyeji wa Oldonyo Sambu, mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuongea na magari kwa Kimaasai na kuongea na watu kwa shida. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikamnyoshea bahasha. Akaitikia, "Marahaba," akaiweka bahasha juu ya betri iliyokufa bila kuifungua. Akawasha lori lililokuwa uani, akaniambia nikae kando yake kwenye kreti la soda.

Baada ya muda mrefu akarudi. "Haya binti, unasikia nini?"

"Nasikia injini, mzee."

"Hata ng'ombe wangu wangejibu hivyo," akasema, akaondoka tena.

Nilikaa pale hadi mchana. Aliporudi mara ya tatu nilimwambia nasikia mngurumo, lakini kila baada ya muda kuna mahali unaruka, kama mtu anayesoma kwa sauti akakosa neno. Hakunisifu. Alinipa bisibisi ndefu, akanionyesha jinsi ya kuweka ncha yake kwenye injini na mpini wake sikioni, nitafute lile neno linakosekana wapi. Ndiyo siku niliyoajiriwa, ingawa hakuna aliyeniambia. Bahasha yangu niliikuta wiki iliyofuata ikiwa imelowa tindikali.

Kitu ambacho Mzee Loserian alikipenda kuliko spana zote ni maswali. Hakufungua boneti kabla hajamhoji mwenye gari. Inaanza lini? Inaacha lini? Wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo? Alikuwa anauliza taratibu, anasubiri jibu mpaka mwisho, hata kama mteja anaanzia kwenye harusi ambako gari lilipeleka maharusi. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nikichezesha spana mkononi, nikiona tunapoteza muda.

Kisha ikaja mashine ya kusoma kompyuta za magari. Mzee aliitazama siku ya kwanza, akauliza kama inajua kunywa chai, akarudi kwenye kazi yake. Mimi niliipenda. Nilijifunza kuichomeka, kusoma namba zake, kuzitafsiri. Wateja walikuwa wanakuja wakiniulizia mimi, yule mama wa mashine. Mzee alipostaafu na kurudi kwao kwenye mifugo, masikio yake yakiwa yamechoka na kelele za miaka yote ile, mimi ndiye niliyebaki na meza yake. Nilirithi bisibisi ndefu. Yale maswali sikuyarithi, maana nilikuwa na mashine.

Miaka michache kabla sijastaafu, alikuja mwalimu mmoja anayekaa Njiro. Tulimwita Mama Upendo. Marehemu mume wake alikuwa amemwachia gari la turbo, lenye feni inayosukumia injini hewa ya ziada, la zamani kidogo, la petroli, ambalo alilinunua likiwa tayari limezunguka nchi ya watu kabla ya kuletwa huku. Watoto walimshauri aliuze. Yeye alikataa kwa sababu moja: lilikuwa linapanda Nkoaranga bila kuhema. Kule ndiko anakokaa mama yake mzazi, ambaye alikuwa amevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Mara mbili kwa wiki Mama Upendo alikuwa anamfuata, anamshusha mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kisha anamrudisha. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba bibi akiacha mazoezi miezi ile ya mwanzo, hatatembea tena.

"Fundi," aliniambia, "ikiwa kwenye sailensi inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta inatulia. Asubuhi haina shida kabisa. Ila nikishapanda kule kwa mama, nikisimama..."

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu," nikamkatiza. "Mashine itatuambia."

Sailensi, kwa asiyejua, ni ule mngurumo mdogo wa injini gari likiwa limewashwa na mguu hauko kwenye mafuta. Hapo injini inajishikilia yenyewe, na hapo ndipo ugonjwa mdogo unapojionyesha. Nilichomeka mashine. Ikasema mchanganyiko ni mwembamba, yaani hewa ni nyingi kuliko petroli. Nikafikiri: sensa inayopima hewa inaona vibaya. Nikaibadilisha. Nikaweka plagi mpya, maana za zamani zilikuwa zimelika. Nikasafisha mlango wa hewa, ambao ulikuwa na masizi ya kutosha kupaka viatu. Nikafuta kumbukumbu ya kompyuta. Kesho yake asubuhi nililiwasha uani likanguruma vizuri, sindano ya mizunguko imesimama palepale. Nikampigia Mama Upendo aje achukue gari lake.

Alirudi Jumatatu, akiwa hana gari. Alikuja kwa bodaboda, bado amevaa nguo za shuleni, na mkono wake wa kulia ulikuwa na plasta. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

Alinieleza polepole. Jumamosi alimpakia mama yake wakaanza kushuka. Katikati ya mteremko, mahali penye kona, watu walikuwa wanavusha ng'ombe, akasimama kuwapisha. Gari likaanza kutetemeka. Likazima. Njia ilikuwa mteremko, kwa hiyo likaanza kuserereka. Alikanyaga breki, ikashika. Akaachia, akakanyaga tena na tena, na kila mara ikawa ngumu zaidi, kama anakanyaga jiwe. Usukani nao ukawa mzito, maana injini ikizima haiusaidii tena, wala breki. Breki ya mkono ilipunguza tu mwendo. Aliona ng'ombe mbele, akaona watoto wa shule nyuma ya ng'ombe, akavuta usukani kwa nguvu zake zote akaingia kwenye kingo ya shamba la kahawa. Gari likasimama. Bibi alijigonga bega mlangoni. Nyonga haikupata kitu, Mungu ni mwema, lakini alipotolewa alisema hatapanda gari lile tena, wala jingine lolote. Atabaki nyumbani na nyonga yake.

"Sikuja kukugombeza," Mama Upendo aliniambia. "Nimekuja kukuuliza. Siku ile nilipokuwa nakueleza, ulinisikia?"

Nilisema samahani, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Katika miaka yangu yote nimewahi kuungua na mvuke na kuangukiwa na gia boksi mguuni. Hakuna kilichoniuma kama lile swali.

Gari lililetwa likiwa limevutwa. Bampa lilikuwa limepinda, lakini injini ilikuwa nzima. Niliwasha asubuhi. Likanguruma vizuri. Nikaangalia mipira yote ya hewa niliyoweza kuiona, nikaipulizia maji ya sabuni kutafuta povu. Hakuna.

Hapo nikakumbuka jambo nililowahi kusoma, kwamba hewa inayovuja inatafutwa kwa moshi. Unaingiza moshi kwenye njia ya hewa ya injini, unaziba mahali pengine pote, unatazama unatokea wapi. Wenye gereji kubwa wana mashine yake. Sisi hatukuwa nayo. Lakini mume wangu anafuga nyuki kwenye migomba yetu, na ana lile kopo la moshi lenye kiriba cha kupulizia, la kuwatuliza nyuki wakati wa kurina. Nilimwomba. Aliniuliza kama kuna nyuki wameingia kwenye gari. Nikamwambia ni kitu kibaya zaidi.

Msifanye hivi kienyeji. Injini iwe imezimwa, waya wa betri umetolewa, kusiwe na harufu yoyote ya petroli, na kopo lenye makaa likae mbali, nje kabisa, moshi upite kwenye mpira mrefu hadi ufike ukiwa umepoa. Mimi nililiweka kopo nyuma ya ukuta, ndoo ya mchanga ikiwa kando. Nilipuliza moshi asubuhi hiyo mpaka macho yakaniwasha. Haukutoka popote. Gari lilikuwa zima kama yai.

Siku iliyofuata nilipanda basi dogo kwenda Oldonyo Sambu.

Nilimkuta Mzee Loserian zizini anamkagua ndama kwato. Alikuwa amezeeka. Nilimwamkia mara mbili hakugeuka, nikajua masikio yamekwisha. Aliponiona alicheka, akanishika mkono wote hadi kiwiko. Tulikaa kwenye benchi ya nyumbani kwake, mke wake akaleta chai ya maziwa, nami nikamweleza habari yote kwa kupaza sauti kiasi kwamba majirani nao walipata somo la ufundi. Yeye alikuwa ananitazama mdomo.

Nilimwambia mashine ilisema nini. Nilimwambia nilibadilisha nini. Nilimwambia kuhusu moshi.

Akauliza, "Na mwenye gari alisema nini?"

"Alisema linatetemeka likiwa sailensi."

"Hayo ni yako. Nataka maneno yake."

Nikafumba macho niyakumbuke. Nikayasema kama alivyoyasema. "Asubuhi haina shida kabisa. Ila nikishapanda kule kwa mama, nikisimama..." Nikaishia pale alipoishia yeye, kwa sababu nilikuwa nimemkatiza.

Mzee akanywa chai. "Moshi uliupuliza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Gari uliliwasha saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee."

"Mama wa watu anakwambia asubuhi haina shida. Sasa kwa nini unaitafuta asubuhi?"

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimelipima gari lile mara nne, na mara zote nne lilikuwa baridi.

Nilidhani atanicheka. Badala yake alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. "Twende," akasema. "Ndama ana mke wangu wa kumtazama."

Tulirudi Arusha pamoja. Tulikagua breki na usukani kwanza, kisha nikaliendesha lile gari kwenye njia za kupanda hadi turbo ikapata kazi ya kweli na sindano ya joto ikapanda mahali pake. Nikarudi uani, nikaliacha linanguruma. Haikuchukua muda. Likaanza kutetemeka. Homa ileile aliyoisema Mama Upendo, nami nikaiona kwa mara ya kwanza kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeifuata mahali ilipo.

Mzee Loserian hakusikia kitu. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, mbali na chuma cha turbo kinachounguza, akafumba macho. Akahamisha mkono. Akahamisha tena.

"Siyo silinda moja inayokosa," akasema. "Zote zinayumba pamoja. Inakunywa hewa ya wizi. Huku chini, upande huu."

Hewa ya wizi. Sikuwahi kulisikia neno zuri zaidi kwa jambo lile. Ni hewa inayoingia ikiwa haikupita kwenye sensa, kwa hiyo haikuhesabiwa, kwa hiyo haikupewa petroli yake. Mashine ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza: hewa ni nyingi. Mimi ndiye niliyemhukumu mlinzi badala ya kumtafuta mwizi.

Nilizima, nikatoa waya wa betri, nikaunga mpira wangu mrefu, nikaenda kupuliza kopo la nyuki nyuma ya ukuta. Kabla sijapuliza mara kumi nikasikia mzee ananiita kwa kelele, "Naomi! Naomi, njoo!"

Chini ya manifoldi, lile bomba linalogawia silinda hewa, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida na jicho haliingii kabisa, ulikuwa unatoka uzi mwembamba wa moshi. Tulitumia kioo kidogo na tochi. Kuna mpira unaorudisha mvuke wa mafuta ya injini kwenye njia ya hewa. Miaka ya joto la turbo ilikuwa imeukausha, na ulikuwa umepasuka upande wa chini. Ukiwa baridi, ufa ulijibana usipitishe hata pumzi. Ukipata moto, mpira unalegea, ufa unafunguka, injini inaanza kunywa. Barabarani, ukikanyaga mafuta, hewa inayopita ni nyingi, kwa hiyo wizi mdogo hauonekani. Ukisimama, hewa inayohitajika ni kidogo, na wizi uleule unaharibu kila kitu.

Nilikaa chini sakafuni. Mzee naye akakaa chini, kwa kujishikilia kwenye tairi. Tulicheka kama watu waliopona ajali.

Mpira mpya niliutafuta siku mbili, kwa sababu nilitaka unaostahimili mafuta na joto. Naomba mnisikilize hapa: msiweke mpira wa maji mahali pa mafuta. Utafanya kazi, mteja atafurahi, halafu utavimba na kuoza, nawe utakuwa umemwandalia balaa lake la mwakani. Nilibadilisha na ile mingine ya umri uleule, kwa sababu iliishi kwenye joto lilelile. Nilikagua breki upya. Kisha nikalipandisha moto, nikaliacha likae sailensi muda ambao mtu angeweza kula chakula cha mchana. Nilirudia siku tatu. Siku ya nne nikamwita Mama Upendo, na kabla sijampa funguo nikamwomba anieleze tena, tangu mwanzo. Akanieleza. Sikufungua mdomo mpaka akamaliza.

Akasema, "Gari naiamini. Shida ni mama. Amekosa mazoezi wiki mbili, na mguu umeanza kukakamaa."

Tulipanda pamoja Nkoaranga. Bibi alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, fimbo mbili zimeegemezwa ukutani. Niliacha gari linanguruma uani, nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, bibi."

"Uliyeitengeneza ile mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na mara hii?"

"Ni mimi tena."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Mama Upendo alitaka kusema neno, mama yake akamzuia kwa mkono. "Basi utakaa na mimi nyuma," akaniambia. "Kama ni kuserereka, tuserereke wote."

Tulimpakia taratibu. Nilikaa kando yake. Tulipofika kwenye ile kona, nilimwomba Mama Upendo asimame. Alinitazama kwenye kioo, akasimama. Matawi ya kahawa yaliyovunjika siku ile bado yalikuwa yamelala kwenye kingo. Bibi akanishika kifundo cha mkono, na kwa mwanamke wa umri wake alikuwa na mshiko wa fundi wa matairi.

Injini ilinguruma. Mimi nilisikiliza kila neno lake, nikisubiri lile moja litakalokosekana. Halikukosekana. Bibi naye alikuwa anasikiliza, kichwa ameinamisha. Akapita mtu na mkungu wa ndizi, akatuamkia, akatushangaa, akaenda zake. Bado linanguruma.

"Tunamsubiri nani?" bibi akauliza.

"Hatumsubiri mtu, bibi. Nilitaka usikie."

"Nimesikia. Twende, yule kijana wa mazoezi hapendi watu wa kuchelewa." Mkono wangu hakuuachia mpaka tulipofika kwenye lami.

Mzee Loserian nilimpelekea habari mwenyewe. Aliniuliza bibi anaendeleaje kabla hajaniuliza gari linaendeleaje, na hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anasubiri wateja wake wamalize habari za harusi. Tangu siku hiyo, kwa miaka yote iliyobaki, mliniona nikikaa na mteja kwenye benchi kabla ya kuchukua mashine. Baadhi yenu mlidhani nimeanza kuchoka. Mashine itumieni, ni nzuri, inaona yasiyoonekana. Ila haikai ndani ya gari mteremkoni. Anayekaa humo ni mtu, na anajua mambo mengi kuhusu gari lake hata kama hajui jina la kifaa kimoja. Mwacheni amalize sentensi.

Miezi kadhaa baadaye Mama Upendo aliingia gereji kubadilisha oili. Mlango wa abiria ukafunguka, akashuka bibi, fimbo moja tu mkononi. Alivuka uani polepole, akapita kati ya matairi na vyuma, akakataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia. Akaniambia nifungue boneti, anataka kuona kilichotaka kumuua.

Nilimwonyesha mahali ulipo ule mpira, chini kabisa. Nikamletea na ule wa zamani, niliokuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya kuwafundishia ninyi. Aliukunja, ufa ukafunguka. Akautazama ndani.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu, bibi."

"Mdogo hivi," akasema. Akafuta vidole vyake kwenye ovaroli yangu, akageuka, akarudi garini kwa miguu yake.